Kujitawala Nafsi katika Zama za Maendeleo

Kujitawala nafsi ni uwezo wa mtu kushika azma yake mwenyewe pale tamaa, hasira, hofu au uvivu vinapomvuta kwingine. Husemwa pia kujizuia, kujimudu au kuishinda nafsi. Si kukosa tamaa. Aristotle, katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako, alimtenga mtu mwenye kiasi, ambaye ovu halimvutii tena, na mtu anayejizuia, ambaye linamvuta kwelikweli naye anakataa. Makala hii inamhusu huyu wa pili, maana wa kwanza ni adimu.

Kwa sehemu kubwa ya historia, uhaba ulimsaidia binadamu kujizuia bila yeye kujua. Sukari ilikuwa ghali, pombe ilingoja mavuno, na habari za mbali zilikuja na jahazi. Maendeleo ya viwanda yaliondoa kizuizi hicho, na sigara ni mfano ulio wazi kuliko yote. Hadi miaka ya 1870 sigara zilisokotwa kwa mkono, moja moja, na fundi hodari alitoa elfu chache tu kwa siku. Mwaka 1880 James Bonsack, kijana wa Virginia, Marekani, alibuni mashine iliyoweza kutoa sigara zipatazo 120,000 kwa siku ya saa kumi za kazi. Mfanyabiashara James Buchanan Duke akaichukua, bei ikaanguka, na matangazo yakafuata kwa sababu mzigo wote ule ulihitaji wa kuuvuta. Watu wa kizazi hicho hawakuwa dhaifu kuliko babu zao. Kilichopungua ni umbali kati ya tamaa na kitu kinachotamaniwa.

Simu janja imeufuta kabisa umbali huo. Ukurasa hujiongeza wenyewe bila kufika mwisho, video ya pili huanza kabla ya uamuzi wa kuitazama, na arifa hulia wakati wowote. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha katikati ya karne ya 20 kwamba njiwa anayepewa punje bila mpangilio hudonoa kitufe kwa ukaidi zaidi kuliko anayepewa kila mara. Mashine za kamari hufanya kazi kwa kanuni hiyo, na mtu anayefungua simu mara kwa mara kuangalia kama kuna jipya yumo katika hali hiyohiyo.

Mafundisho ya kale

Waliolitafakari jambo hili zamani hawakuitegemea sana nguvu ya nia peke yake. Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer, akijua kwamba wimbo wa Sirena, viumbe waliowavuta mabaharia hadi kuangamia, utamshinda, aliamuru afungwe kwenye mlingoti kabla hajausikia. Hakujiamini, na ndiyo maana alipita salama. Mwanafalsafa Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, alianza mafundisho yake kwa kutenga yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo.

Katika Uislamu, wasomaji wa pwani wanazijua daraja za nafsi: ammara inayoamrisha maovu, lawama inayojisuta, na mutmaina iliyotulia. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba tamaa na hasira haziwezi kung'olewa wala hazitakiwi kung'olewa, kwa kuwa bila hizo mtu asingekula wala kujilinda. Hufundishwa zikae chini ya akili. Funga ya Ramadhani ni mafunzo hayo katika sura ya jamii. Mfungaji hapambani peke yake: saa za kula ni moja kwa wote na mji mzima hubadili mwendo. Hapa ndipo mahubiri mengi ya siku hizi kuhusu nidhamu binafsi yanapokosea, kwa kumwachia mtu mmoja mzigo ambao wazee waliugawa.

Utafiti wa kisasa

Jaribio maarufu kuliko yote ni la mwanasaikolojia Walter Mischel, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mtoto aliachwa na peremende laini moja na kuambiwa kwamba akingoja hadi mtu mzima arudi atapata mbili. Baadaye ilidaiwa kwamba waliongoja walifanikiwa zaidi maishani, na kisa hicho kikaenea vitabuni na madarasani. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba uhusiano huo hunywea sana ukizingatia hali ya nyumbani kwa mtoto. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walikuwa wametoa jibu lenye uzito zaidi: watoto waliotangulia kuvunjiwa ahadi na mtu mzima walingoja kwa wastani wa dakika tatu, na waliotimiziwa wakangoja kumi na mbili. Mtoto aliyezoea ahadi hewa ana akili timamu anapokula alichonacho.

Haimaanishi kwamba kujitawala ni hadithi tupu. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa hadi utu uzima. Ripoti ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba waliojimudu zaidi utotoni walikuwa na afya na fedha bora zaidi walipofika miaka 32, hata baada ya kuzingatia akili na tabaka la familia. Lakini hata kwa Mischel, waliongoja muda mrefu mara nyingi hawakuwa wakiikodolea macho peremende: waliziba macho, waliimba, walijigeuza.

Akiba na kamari

Afrika Mashariki, uwanja mkubwa wa jambo hili ni fedha. Upatu, mchezo na chama ni mbinu za kujifunga mbele ya wenzako ili hela isiishie njiani. Wachumi Pascale Dupas na Jonathan Robinson walizipima mbinu za namna hii magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Kisanduku cha akiba chenye kufuli, ufunguo ukiwa kwa mwenyewe, kiliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa takriban theluthi mbili au zaidi. Kuchangia fungu la afya ndani ya chama kuliyaongeza zaidi ya maradufu. Kisanduku ambacho ufunguo wake ulishikwa na mtu mwingine hakikusaidia sana upande huo, kwa sababu fedha iliyofungwa haikupatikana dharura ilipotokea. Kumnyang'anya mtu ufunguo, basi, si kumjengea uwezo wa kujitawala.

M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, iliondoa safari ya benki na ikarahisisha kuweka akiba. Kwa vidole vilevile ikarahisisha kubeti, na vijana wengi wamecheza karo na kodi ya nyumba wakiwa kitandani. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti; baadhi zilirudi sokoni baadaye.