Dakika Moja ya Kusoma: Safari ya Msaada wa Ngazi Tatu Shuleni

Mwalimu na mtoto wamekaa pembeni mwa darasa, kila mmoja na nakala ya hadithi moja fupi. Mtoto anasoma kwa sauti. Kila neno analokosea, mwalimu analipitishia mstari kwa penseli. Dakika moja ikiisha, mwalimu anahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa na kuweka nukta kwenye grafu. Wiki ijayo watakaa tena. Nukta zikiwa chini ya mstari wa lengo mara kadhaa mfululizo, mwalimu anabadilisha namna anavyofundisha.

Utaratibu huu ulikuzwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na Stanley Deno na Phyllis Mirkin, waliotoa mwongozo wao mwaka 1977. Ulizaliwa wakati ambapo shule zilikuwa zikimchelewesha sana mtoto anayehitaji msaada.

Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu. Ndani ya sheria hiyo lilikiri kwamba watoto hao walizidi milioni 8, kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata elimu inayowafaa, na kwamba milioni 1 walikuwa nje kabisa ya shule za umma. Mlango ulifunguliwa, lakini kwa watoto wenye shida ya kujifunza kanuni za mwaka 1977 ziliweka kizingiti: sharti lionekane pengo kubwa kati ya kipimo cha akili cha mtoto na maendeleo yake darasani. Pengo hilo huchukua miaka kuonekana. Mtoto aliyekwama darasa la kwanza mara nyingi alisubiri hadi la tatu au la nne, wenzake wakisoma sayansi, yeye bado anapambana na silabi. Wakosoaji waliuita mtindo huo kusubiri mtoto aanguke.

Vipimo vya akili vyenyewe vilishtakiwa. Katika kesi ya Larry P., mwaka 1979, Jaji Robert Peckham wa California aliamua kwamba vilikuwa na upendeleo dhidi ya watoto Weusi, waliokuwa wamejazwa katika madarasa ya walioitwa wenye akili pungufu kupita kiasi cha idadi yao. Mwaka 1982 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti ilisisitiza kwamba kabla ya kutafuta kasoro kwa mtoto, shule ithibitishe kwanza kuwa imemfundisha vizuri. Kwangu mimi, huu ndio moyo wa historia yote hii.

Msaada wenyewe ulikuja kupangwa kwa ngazi tatu, na umbo hilo lilitoka kwenye afya ya jamii. Mwaka 1964 daktari wa akili Gerald Caplan alieleza kinga ya aina tatu: kuzuia maradhi kwa watu wote, kuyawahi yanapoanza, na kupunguza madhara kwa walioathirika. Mwaka 1996 Hill Walker na wenzake, wakiwemo George Sugai na Robert Horner, waliutumia mpango huo kwa tabia za wanafunzi. Ulipokuja kuchorwa kama pembetatu, kitako chake kilikadiriwa kuwa asilimia 80 ya watoto, ambao hutoshelezwa na mafundisho mazuri ya kawaida. Asilimia 15 huhitaji nyongeza katika vikundi vidogo. Asilimia 5 huhitaji mpango wa mtu mmoja mmoja.

Katika tabia, ngazi ya kwanza ni kanuni chache zinazofundishwa kama somo: namna ya kupanga foleni, namna ya kuomba msaada. Ya pili ina njia nyepesi inayonigusa sana. Asubuhi mtoto anaonana na mtu mzima anayemjali na kupewa kadi. Kila kipindi mwalimu anaijaza alama. Jioni anairudisha, wanaitazama pamoja, kisha anakwenda nayo nyumbani. Ngazi ya tatu huuliza jambo ambalo bakora haijawahi kuuliza: tabia hii inamsaidia mtoto kupata nini, au kukwepa nini?

Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliruhusu shule kumtambua mtoto kwa kuangalia anavyoitikia msaada, na kutumia hadi asilimia 15 ya fedha za shirikisho za elimu maalumu kwa watoto ambao bado hawajaingizwa humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ziliruhusiwa fedha za kuziba ufa. Hata hivyo, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015, katika majimbo 13, ulikuta watoto wa darasa la kwanza waliopangiwa msaada kwa kuwa chini kidogo tu ya alama iliyowekwa wakisoma vibaya kuliko wenzao waliokuwa juu yake kidogo. Kumtoa mtoto darasani kumpeleka kwenye kikundi si msaada, kama anachokikuta huko hakilingani na shida yake.

Ile dakika moja ya Minnesota ilivuka bahari. Mwaka 2007 watoto wa darasa la pili wilayani Malindi, Kenya, walipimwa kwa mtindo uliotokana nayo, kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini kipimo cha Malindi kilikusudiwa kuonyesha hali ya wilaya, wakati cha Deno kilikuwa cha mwalimu na mtoto aliyekaa mbele yake. Mpango wa usomaji wa Tusome, ulioanza Kenya mwaka 2015, ulikisogeza kidogo karibu na mwalimu: maofisa waliotembelea madarasa waliwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakamshauri mwalimu.

Basi saa na karatasi tumeshavipokea. Tunachowadai bado watoto wetu ni wiki ijayo: mwalimu kukaa tena na mtoto yuleyule, akiwa amebadilisha kitu.