Walimu wa Nchi ya Chai na Darasa la Mbali

Kati ya mwaka 1924 na 1925 mambo mawili yaliingia Kericho, nchini Kenya, karibu kwa pamoja. Kampuni ya Brooke Bond ilifika kuanzisha mashamba ya chai mwaka 1924, na James Finlay ikafuata mwaka mmoja baadaye. Mwaka huohuo wa 1925 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Waafrika huko Kabianga. Mashamba yalitaka mikono ya kuchuma. Shule nayo ilianza kumweka kijana wa Kipsigis, mwenyeji wa hapo, mbele ya swali ambalo babu yake hakuwahi kuulizwa: utafanya kazi gani?

Babu hakuulizwa kwa sababu jibu lilijulikana. Baada ya kutahiriwa, vijana walikaa faraghani katika menjo, na huko motiriot, mwalimu wao wa jando, akawafunza ng'ombe, vita, heshima na wajibu wa mtu mzima. Mwanaanthropolojia J. G. Peristiany aliandika habari za jamii hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1939. Motiriot alimjua mwanafunzi wake, ukoo wake na malisho yao. Alikuwa mshauri wa maisha kamili, na hakuna aliyemwona kama mtu wa kazi ya ziada.

Lakini malisho yenyewe yalikuwa yakichukuliwa. Mwaka 1919 maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa katika Vita Kuu ya Kwanza walitengewa ardhi karibu na Kericho ili wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa, ila ardhi haikuwarudia wenyewe; chai ndiyo iliyokuja kuimeza. Kuanzia mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Ufugaji mpana ukabanwa. Wachumaji wengi wa siku za mwanzo waliletwa kutoka Nyanza, kwa kuwa Wakipsigis wengi hawakuvutiwa na kazi ya kibarua juu ya ardhi waliyoiona kuwa yao. Kijana aliyekosa malisho na asiyetaka kapu la majani alibaki na mlango mmoja, nao ni shule.

Shule haikumpa uhuru mkubwa wa kuchagua. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na ripoti yake ilitilia mkazo elimu ya kilimo na ufundi wa mikono kwa Waafrika. Aliyemaliza masomo alitazamiwa kuwa mwalimu, karani, mhubiri au fundi. Huko Boston, Marekani, Frank Parsons alikuwa amefungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi mwaka 1908, na kitabu chake juu ya kuchagua kazi kilichapishwa mwaka 1909 baada ya kifo chake. Aliwataka vijana wajielewe, waielewe kazi, kisha wapime mambo hayo mawili kwa pamoja. Katika Kericho ya wakati huo upimaji ulifanywa na ofisi ya mkuu wa wilaya, na kijana aliletewa matokeo tu.

Mmoja wa wanafunzi wa Kabianga aliyetafuta njia yake mwenyewe alikuwa Taaitta Toweett, aliyezaliwa mwaka 1925, mwaka uleule shule hiyo ilipofunguliwa. Alipita shule ya Alliance, akafika chuo cha Makerere, kisha katika miaka ya 1950 akapata shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini bila kuhamia huko. Chuo hicho kilikuwa kimeanza kufundisha kwa posta tangu mwaka 1946. Vitabu na maswali vilisafiri kwa barua, majibu yakarudi kwa barua. Mwaka 1958 Toweett aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa Waziri wa Elimu. Mwaka 1977, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, alipata uzamivu wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Inafaa kumkumbuka kila mara elimu ya masafa inaposemwa kuwa jambo jipya lililoletwa na kompyuta. Katika nchi ya chai ni kongwe kuliko uhuru wa Kenya.

Baada ya uhuru njia hiyo ilifunguliwa kwa walimu wa kawaida. Shule za msingi zilikuwa zimejaa walimu wasio na mafunzo ya kutosha, na serikali haikuweza kuwatoa wote madarasani kuwapeleka vyuoni. Mwaka 1967, kwa msaada wa Marekani, kitengo cha masomo kwa posta kiliundwa katika taasisi ya elimu ya watu wazima ya chuo kikuu cha Nairobi, huko Kikuyu. Mwalimu wa daraja la P3 aliweza kusoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha pili na kupanda hadi P2 huku akiendelea kufundisha. Vijitabu vilikuja kwa posta, na vipindi vikasikika katika redio ya Sauti ya Kenya. Mwalimu wa kijijini, awe Sotik au Litein, alisahihisha madaftari ya watoto jioni, kisha akawasha taa na kuandika majibu yake mwenyewe. Elimu ya Kenya ina deni kubwa kwa taa hizo, na vitabu vya historia vimezitaja kidogo mno.

Ushauri wa kazi ulipitia mlango mwembamba zaidi. Wizara ya Elimu iliunda kitengo cha ushauri nasaha mwaka 1971, na ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976 ikasisitiza kazi hiyo shuleni. Kwa vitendo, shule ya upili ilimteua mwalimu mmoja, mara nyingi mwenye vipindi vichache, akakabidhiwa fomu za kujiunga na vyuo na vijitabu vya kazi. Hakufunzwa namna ya kumhoji kijana, wala namna ya kusoma soko la ajira. Alimshauri mwanafunzi kwa kile alichokijua, na alichokijua zaidi ni ualimu. Ndiyo sababu kizazi baada ya kizazi cha watoto hodari wa Kericho na Bomet kilijaza ualimu, udaktari na uhandisi kwenye fomu, hata pale kipaji kilipoelekea kwingine kabisa. Kulikuwa na uzembe wa kitaifa hapa: jambo la kuamua maisha ya mtu liliachiwa muda uliobaki baada ya hesabu na jiografia.

Dawa ilianza kupatikana kupitia masomo yaleyale ya mbali. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje. Baadaye vyuo kama Egerton na Kenyatta vikafungua masomo ya likizo, na walimu wakaanza kusoma uzamili wa ushauri nasaha. Kutoka Kericho hadi Njoro, makao ya Egerton, si mbali, na kila Aprili, Agosti na Desemba walimu walifunga mizigo. Ada ilitoka kwenye mshahara na mikopo ya vyama vya akiba, na kwa wenye mashamba madogo, kwenye bonasi ya chai. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na simu ya mkononi ikaanza kufanya kazi ya posta. Kabianga ikapata chuo kikuu kamili mwaka 2013, na Bomet ikapata chuo kishiriki cha Moi mwaka 2017. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hata wahadhiri waliodharau masomo ya mtandaoni walilazimika kuyafundisha. Mwaka 2023 serikali ikatoa hati kwa Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao Konza.

Yanayofundishwa katika uzamili huo wa ushauri nasaha yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwanafunzi husoma Donald Super, aliyeiona kazi kama safari ya hatua za umri, na John Holland, aliyegawa watu na kazi katika makundi sita. Hujifunza kuhoji, kutunza siri, kusoma takwimu za ajira, na hufanya mazoezi na watu halisi chini ya usimamizi. Nchini Uingereza washauri wa kazi wana chama chao na daftari la wanataaluma. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 iliipa KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, jukumu la kuandaa mwongozo wa taaluma. Mwalimu wa nchi ya chai anayesoma mtandaoni ana faida moja juu ya Super na Holland: anajua kwamba kijana wa hapa hachagui peke yake. Kuna shamba la ekari mbili litakalogawanywa, ndugu watatu wanaongoja karo, na mama anayetaka mmoja abaki nyumbani kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia.

Na kapu lenyewe haliaminiki tena. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu waliokuwa wakiziona zikichukua vibarua vyao. Kampuni kubwa zimeuzwa kwa wamiliki wapya. Mzazi aliyemlea mtoto katika nyumba za kambi, akiamini kwamba kuchuma kutakuwepo daima iwapo shule itashindikana, hana tena uhakika huo.

Mwaka 2025 kundi la kwanza la Gredi ya 9 chini ya mtaala mpya lilitakiwa kuchagua kati ya njia tatu za shule ya upili ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Walikuwa watoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Wazazi walikuja shuleni wakiuliza njia gani ina kazi. Kuwajibu vizuri kulimtaka mwalimu ajue viwanda vya Litein na Kapkoros vinaajiri mafundi wa namna gani, nani atatengeneza mashine zikiharibika, Kabianga inafundisha kozi zipi, mkopo wa elimu ya juu wa HELB unaombwaje, na mtoto aliye mbele yake anapenda nini hasa. Mwalimu aliyesomea kazi hiyo usiku, kwa simu, baada ya kusahihisha madaftari, alikuwa na mahali pa kuanzia.