Mapenzi katika riwaya za distopia za vijana

Mapenzi na udugu chini ya utawala wa mabavu ni mada kuu ya riwaya za distopia zinazoandikiwa vijana, hasa nchini Marekani. Watawala wa riwaya hizi hawatosheki na utii wa hadharani. Huingia hadi chumbani. Katika Matched (2010) ya Ally Condie, dola humchagulia kijana mwenza. Katika Delirium (2011) ya Lauren Oliver, mapenzi ni maradhi yanayoondolewa kwa upasuaji mtu akitimiza miaka 18.

Kazi yenye uzito zaidi ni The Giver (1993) ya Lois Lowry, iliyopata Medali ya Newbery mwaka 1994. Humo watoto huzaliwa na wanawake walioteuliwa kwa kazi hiyo, kisha hugawiwa familia. Jonas, mwenye miaka 12, anaona katika rekodi jinsi baba yake anavyomdunga sindano ya kifo pacha mchanga aliyezidiwa uzito na mwenzake, huku akimsemesha kwa upole. Baba huyo si katili, na hapo ndipo kitabu kinapouma. Jonas anatoroka na Gabriel, mtoto aliyepangiwa kuuawa vivyo hivyo.

Suzanne Collins, katika The Hunger Games (2008), anatanguliza udugu: Katniss anaingia kwenye mashindano ya kuuana badala ya mdogo wake, Prim. Rue, mshindani aliyeungana naye, anapouawa, Katniss anampamba kwa maua, na watu wa Wilaya ya 11, alikotoka Rue, wanamtumia mkate. Mahaba ya Katniss na mshindani mwenzake Peeta, kinyume chake, huonyeshwa mbele ya kamera ili kuvutia wadhamini, hata Katniss mwenyewe hana hakika na moyo wake.