Mlango wa Ziwa Tanganyika

Mgeni afikapo Ujiji huonyeshwa mnara wa ukumbusho, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwezi wa Novemba, mwaka wa 1871. Hapo wenyeji humwambia ya kwamba siku zile maji ya ziwa yalikuwa karibu. Mgeni hutazama huku na huku, wala haoni maji. Hana budi kushuka kitambo ndipo afike ufukoni. Wengi hudhani wameambiwa hadithi tu. Walakini hadithi hiyo ni kweli. Mnara haukuhama, wala mji haukuhama. Lililohama ni ziwa lenyewe. Nasi katika habari hizi twataka kueleza jinsi watu walivyolijua jambo hilo, na kwa nini sisi tukaao kando ya maji haya yatupasa kulikumbuka.

Kwanza na tulitazame ziwa. Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, nalo limelala katika Bonde la Ufa, mahali ambapo nchi imepasuka na pande zake mbili zinaachana polepole sana tangu mamilioni ya miaka. Kina chake ni meta 1,470, hata vilindi vyake viko chini sana kuliko usawa wa bahari. Duniani pote ni ziwa moja tu lililo na kina kuipita Tanganyika, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi. Mito mingi humwaga maji humu. Miongoni mwa iliyo mikubwa ni Rusizi utokao kaskazini, na Malagarasi uingiao upande wetu, kusini ya Ujiji.

Basi wasafiri wa zamani waliuliza hivi: maji yote haya huingia, je, hutokea wapi? Swali hili halikuwa la kipuuzi. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea hukaushwa na jua, chumvi ikabaki na kuzidi mwaka kwa mwaka, kama tuonavyo katika ziwa Natron. Maji ya Tanganyika hunyweka. Kwa hiyo wenye elimu walisema ya kwamba hapana budi uwepo mlango mahali fulani. Lakini hawakujua ni wapi.

Burton na Speke, Waingereza wawili, waliwasili Ujiji mwezi wa Februari, mwaka wa 1858, kwa njia ya misafara. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia ile na kufanya biashara hapa kabla yao. Wageni hao walisikia habari za mto Rusizi wa kaskazini, wakatumaini ya kuwa huo ndio mlango, na labda ndio mwanzo wa mto Nile. Wakapanda mitumbwi mpaka Uvira. Huko vijana watatu, wana wa mtawala wa nchi ile, waliwaambia bila kuficha ya kwamba Rusizi hautoki ziwani, bali huingia. Wasafiri hawakuweza kufika mdomoni pa mto wakajionee, wakarudi. Baadaye huko Ulaya maneno ya vijana wale yalitiliwa shaka, na mabishano yakadumu miaka 13. Hata mwisho wa mwaka wa 1871 Livingstone na Stanley walipofika mdomoni kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona maji yakiingia, kama walivyosema vijana wa Uvira.

Hapa twapenda kuongeza neno moja. Wataalamu wa miamba wametuonyesha ya kuwa zamani sana, kabla ya vitabu vyote, maji ya ziwa Kivu hayakuja huku. Milima ya moto ya Virunga ilitapika mawe yaliyoyeyuka, ikaiziba njia ya kaskazini. Maji ya Kivu yakapanda, yakageuka, yakashuka kusini kwa Rusizi. Ndivyo nchi ilivyo: twaiona imetulia, kumbe hubadilika.

Mlango wa kaskazini ulipokosekana, ulitafutwa mahali pengine. Mwaka wa 1874 Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, alitoka Ujiji akafuata kando ya ziwa upande wa kusini, na mwezi wa Mei akafika ng'ambo ya magharibi, mahali pa mto Lukuga, karibu na ulipo mji wa Kalemie leo. Mkuu wa mahali pale alimweleza ya kwamba watu wake huufuata mto ule mwendo wa zaidi ya mwezi mmoja mpaka unapoingia katika Lualaba. Cameron akaingia kwa mashua, akaona maji yakienda polepole kuliacha ziwa. Lakini mafunjo na majani yaelayo yalimzuia asiendelee. Aliandika ya kwamba ameuona mlango. Wengine walisadiki, wengine wakakataa.

Stanley alirudi Ujiji mwaka wa 1876, akalizunguka ziwa zima kwa mashua yake. Na hapa ndipo palipo jambo kubwa la habari yetu. Alipokuwa Ujiji mara ya kwanza aliona miti mitatu ya jamii ya mchikichi na mnazi imesimama penye soko. Baada ya miaka mitano hivi aliiona miti ile ile imesimama ndani ya maji, na mchanga aliotembea juu yake pamoja na Livingstone umefunikwa. Miti ile haikupandwa iwe kipimo, lakini ilikuwa kipimo. Ilimshuhudia ya kwamba ziwa linapanda. Kisha akaenda Lukuga. Aliona matope, mafunjo, na maji yasiyo na mwendo wa kutajika. Akasema: mlango bado haujafunguka, lakini ziwa likizidi kupanda, maji yatakishinda kizuizi hiki na kutoka kwa nguvu.

Je, ni nani aliyesema kweli, Cameron au Stanley? Jawabu lilikuja upesi. Mwezi wa Agosti, mwaka wa 1878, aliwasili Ujiji Edward Hore, baharia aliyetumwa na Misioni ya London. Mtu huyu hakupita tu. Alikaa miaka mingi, akalijua ziwa kama mvuvi alijuavyo. Mwaka wa 1879 alikwenda Lukuga, naye hakuona tope lililolala, bali mto uendao kasi. Mwisho wa mwaka huo huo msafiri Joseph Thomson aliuona vivyo hivyo. Kizuizi kilikuwa kimevunjika.

Basi wote wawili walisema kweli, kila mtu kwa siku aliyofika. Mambo yalikuwa hivi: kwa miaka mingi mdomo wa Lukuga ulizibwa na udongo na mafunjo, na ziwa likawa kama mtungi usiojaa. Kisha mvua zilizidi, mtungi ukajaa, maji yakaanza kupenya juu ya kizuizi, na yapata mwaka wa 1878 yakakikata na kukichukua. Tangu hapo maji ya Tanganyika huenda kwa Lukuga mpaka Lualaba, na kwa mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Mtu ajaye siku moja huona siku moja. Kosa halikuwa katika macho ya wasafiri, bali katika kudhani ya kuwa walilolikuta ndilo lililokuwapo sikuzote.

Mlango ulipofunguka, ziwa lilishuka. Karema, upande wetu wa kusini, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alikuwa ameanzisha kituo mwaka wa 1879 karibu na maji. Baada ya miaka michache maji yalikuwa mbali naye. Wataalamu hukadiria ya kwamba kabla karne ya 19 haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka yapata meta 10. Mchanga mpana ukatokea, watu wakalima, wakajenga, wakapanda michikichi. Watoto waliozaliwa baadaye waliukuta mchanga ule ni nchi kavu, wakauita nchi ya baba zao. Ndipo pwani ya Ujiji ilipokwenda mbali na mahali pa mnara.

Walakini ziwa halikuapa kukaa huko chini. Maji mengi ya Tanganyika hayatoki kwa Lukuga. Yaliyo mengi sana huchukuliwa na jua na upepo, yakapanda kuwa mvuke, na Lukuga hupeleka sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, mlango hauwezi kuyatoa upesi, na ziwa hupanda. Baada ya mvua kubwa za mwaka wa 1961 na 1962 lilipanda, hata mwaka wa 1964 likafika juu kuliko lilivyokuwa limefika kwa miaka mingi. Kisha likashuka, na watu wakasahau. Mvua kubwa zikarudi tangu mwisho wa mwaka wa 2019. Ziwa likapanda tena, na mwaka wa 2024 likafika karibu na alama ile ya mwaka wa 1964. Gatumba karibu na Bujumbura, Uvira, Kalemie, na kando za Kigoma, watu wengi waliona maji yakiingia nyumbani, mashambani na mialoni.

Tulisikia wengi wakisema siku zile, “Ziwa limeingia katika nchi yetu.” Maneno hayo yalisemwa kwa machozi, wala hatuthubutu kumcheka aliyeyasema, maana aliyepoteza nyumba amepoteza kazi ya maisha yake. Lakini yatupasa kusema kweli: mahali pengi si ziwa lililoingia katika nchi yetu, bali sisi tulijenga katika nchi ya ziwa, likiwa limesafiri.

Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza shughuli za kudumu ziwezazo kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema. Lakini msomaji na afanye hesabu. Mahali ambapo ufuko umelala, hata mtu akienda hatua mia amepanda kwa meta moja tu, ziwa likipanda meta mbili litasogea hatua mia mbili. Aliyejenga hatua mia kutoka majini ameitimiza sheria, na maji yatamfikia. Kwa hiyo haitoshi kupima kutoka ukingo wa leo. Yafaa kujua ukingo wa mwaka wa 1964 ulikuwa wapi, na kama yawezekana, hata ule wa siku za Hore.

Hapa ndipo faida ya kuandika inapoonekana. Wazee wa Uvira na wa Lukuga walijua kuliko wageni, lakini maneno yao hayakuandikwa pamoja na siku na kipimo, yakabishiwa. Wageni waliandika, lakini walikaa siku chache. Elimu ya kweli ilikuja pale wawili hawa walipokutana: mtu akaaye mahali pamoja, naye akapima na kuandika.

Na tutoe mfano wa pili. Miaka ya 1912 na 1913 Mbelgiji mmoja, Louis Stappers, alipima vina vya ziwa letu na joto la maji yake. Wenye elimu walilitumia jina lake katika kumpa jina yule samaki tumwitaye mgebuka. Hapana shaka wako waliomwona akitumbukiza kamba yake wakasema, anapoteza siku. Lakini baada ya miaka 90, mwaka wa 2003, wataalamu walizilinganisha hesabu za 1913 na zao wenyewe, wakajua ya kwamba maji ya ziwa yamepata joto. Tena wakaeleza hasara yake. Rutuba ya ziwa imekaa chini vilindini, na upepo ndio uyachanganyao maji na kuipandisha. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukataa kuchanganyika, na chakula cha dagaa hupungua. Jambo hili halingejulikana kwa yakini kama mtu yule hangeandika.

Mwaka ule ule wa 2003, mwezi wa Juni, nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi Dar es Salaam mapatano ya kulitunza pamoja. Kazi ya serikali ni ya serikali. Lakini iko na kazi yetu, nayo haihitaji fedha.

Twashauri kila shule iliyo kando ya ziwa ichague mwamba mmoja usiotikisika, na wanafunzi watie alama za rangi, kila alama na kipimo chake. Siku ya kwanza ya kila mwezi mtoto mmoja asome maji yamefika wapi, akaandike katika daftari pamoja na siku na mwaka. Daftari hilo litunzwe pamoja na kitabu cha mahudhurio, wala lisitupwe mwalimu akihamishwa. Na mzee akumbukaye maji ya mwaka wa 1964 aombwe kwenda kuonyesha mahali, na pale papigwe kigingi, kabla hatujamzika pamoja na kumbukumbu yake.

Twajua sote mfano wa yule aliyejenga juu ya mchanga. Twamhesabu kuwa mpumbavu, na kweli alikuwa mpumbavu. Lakini labda alipokuja kujenga mchanga ulikuwa mkavu, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia maji yalifika wapi siku za babu yake. Sisi tumekwisha kuambiwa. Na wajukuu wetu wakija kuuliza, na wakute daftari.