Watoto wa Kiislamu wa Uganda na Mlango wa Skuli

Zamani katika Uganda skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alichelea mwanawe asije akarudi na jina jingine. Hofu ile haikuwa ya bure. Basi wengi waliwabakiza watoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani: dini waliipata, hesabu hawakuipata. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, akatoa ardhi kwa ajili ya skuli. Nayo East African Muslim Welfare Society, iliyoasisiwa mwaka 1945 kwa shauri la Aga Khan wa tatu, iliweka sharti: wenyeji wachange kwanza, naye ataongeza kiasi kile kile. Hivyo kila shilingi ya mtaani ilizaa ya pili. Hata wasichana wakafikiwa: mwaka 1954 Nabisunsa ilifunguliwa kwa ajili yao.