Fimbo Nyeupe: Habari Zake na Kazi Yake

Sote tukaao nchi ya Njombe twaijua fimbo ya kipofu. Tangu zamani asiyeona hushika ncha moja ya fimbo, na mtoto hushika ncha ya pili, akamwongoza njiani. Desturi hii ina upendo ndani yake, lakini ina hasara mbili: mtoto hukosa shule, na mzee hawezi kutoka nyumbani mtoto asipokuwapo.

Fimbo nyeupe, je, ilitoka wapi? Katika mji wa Bristol, Uingereza, alikuwako mpiga picha jina lake James Biggs, aliyepofuka kwa ajali. Magari yalikuwa mengi karibu na nyumba yake, naye akaogopa. Basi mwaka 1921 akaipaka fimbo yake rangi nyeupe, ili madereva wamtambue. Mwaka 1931, mjini Paris, bibi mmoja, Guilly d'Herbemont, akawagawia vipofu fimbo nyeupe, na desturi ikaenea.

Lakini rangi humsaidia aonaye. Kipofu mwenyewe haioni. Elimu ya kutembea ilikuja baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari wa Marekani waliopofuka vitani walitibiwa katika hospitali ya Valley Forge. Huko, mwaka 1944, Richard Hoover aliona ya kuwa fimbo fupi ya kuegemea haiwafai. Akafanyiza fimbo ndefu, nyepesi, yenye kufika kifuani, akawafundisha kuipeleka huku na huku mbele ya miguu. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha ya fimbo hugusa kushoto. Wa kushoto ukienda, ncha hugusa kulia. Hivyo mahali mguu utakapokanyaga, fimbo imekwisha kupapima.

Na kwetu je? Njombe ni nchi ya vilima na ukungu, na wakati wa mvua njia huteleza. Fimbo humwambia asiyeona: hapa ni lami, hapa ni majani, hapa ni mfereji. Makambako pana hatari nyingine. Hapo barabara ya Njombe na Songea hukutana na barabara kuu iendayo Zambia, na malori hupita usiku na mchana. Asiyeona husimama, husikiliza, huitanguliza fimbo ili aonekane. Walakini fimbo haisimamishi lori. Dereva ndiye asimamishaye, naye asipojua maana ya rangi ile, kazi ya Biggs ni bure.

Katika nchi yetu shule ya vipofu ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1950. Lakini wako wazee waliopofuka ukubwani, wasiopata kufundishwa. Hao ni jirani zetu.

Basi, ndugu wasomaji, yatupasa mambo matatu. Tusiache majembe wala baiskeli njiani. Tusimvute asiyeona, wala tusiishike fimbo yake. Tumsalimu kwanza, tumwulize kama ataka msaada, kisha yeye mwenyewe atushike kiwiko. Tena tuwafundishe vijana wetu waendeshao pikipiki na magari maana ya fimbo nyeupe. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Mzee akijua kuitumia fimbo yake, atakwenda sokoni kwa miguu yake, na mtoto atakwenda shule.