Karata za Iowa: Historia ya Utafiti wa Mihemko na Uamuzi katika Ubongo

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wataalamu wa ubongo waliyapa kipaumbele masuala ya lugha, kumbukumbu na uonaji, huku mihemko, yaani mabadiliko ya mwili na moyo yanayompata mtu anapoogopa, anapofurahi au anapoona haya, ikiachiwa madaktari wa magonjwa ya akili na wanafalsafa. Kilichoaminika na wengi ni kwamba mwenye kuamua vyema ni yule aliyeweza kuzuia jazba zake. Imani hiyo ilianza kutikisika katika miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya kazi iliyoitikisa ilifanyika Iowa City, mji mdogo wa chuo kikuu ulio katikati ya mashamba ya mahindi ya Marekani, chini ya uongozi wa daktari Mreno aliyeitwa Antonio Damasio. Jina la Damasio hutajwa zaidi kwa sababu ya nadharia yake, lakini ukiipitia historia hiyo kwa makini utaona kwamba kilichodumu zaidi ni majalada ya wagonjwa ambayo nadharia hiyo ilijengwa juu yake.

Damasio alizaliwa Lisbon mwaka 1944 na kusomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo, mji ambao tayari ulikuwa na historia nzito kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo. Ni huko Lisbon ambako Egas Moniz, baada ya kubuni mwaka 1927 njia ya kupiga picha mishipa ya damu ya kichwani, alisimamia mwaka 1935 upasuaji wa kwanza wa kukata njia zinazoiunganisha sehemu hiyo na maeneo mengine ya ubongo, kwa nia ya kuwatuliza wagonjwa wa akili. Upasuaji huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1949, kisha ukaenea duniani na kuwaacha maelfu ya watu wakiwa watulivu kweli, ila wengi wao wakiwa wamepungukiwa utu waliokuwa nao. Damasio alifanya kazi katika kituo cha utafiti kilichobeba jina la Moniz, na alijifunza pia Boston kwa Norman Geschwind, bingwa wa matatizo ya lugha yatokanayo na majeraha ya ubongo. Kwa Geschwind alipata mbinu ambayo hakuiacha tena: kutafuta mahali hasa palipoharibika katika ubongo wa mgonjwa, kisha kupima kwa uangalifu uwezo gani umepotea na upi umebaki.

Alipohamia Iowa katikati ya miaka ya 1970, pamoja na mkewe Hanna Damasio, mtaalamu wa picha za ubongo, alikuta msingi umeshawekwa na Arthur Benton, mwanasaikolojia aliyekuwa amekwisha kutunga vipimo vya kumbukumbu na utambuzi vilivyotumika katika hospitali nyingi. Mwaka 1982 ilianzishwa rejista ya wagonjwa wenye majeraha ya ubongo, kila mmoja akitambulishwa kwa herufi au namba na kupimwa akili, kumbukumbu, lugha na tabia, si siku za mwanzo za kuumia kwake bali baada ya miezi mitatu au zaidi, hali yake ikiwa imeshatulia. Mazingira ya Iowa yaliisaidia sana kazi hiyo, kwa kuwa hospitali ya chuo kikuu ilihudumia jimbo zima la wakulima, na wengi wa wakazi wake hawakuwa watu wa kuhamahama, hivyo mgonjwa yuleyule aliweza kuitwa tena baada ya miaka. Kazi ya namna hii haina mvuto wa gazetini, na pengine ndiyo sababu wasimulizi wengi huipita haraka.

Mmoja wa wagonjwa hao, aliyejulikana kwa herufi EVR, alikuwa mhasibu mwenye familia na heshima kazini hadi alipofikisha umri wa miaka 35, alipogundulika kuwa na uvimbe juu ya matundu ya macho. Uvimbe ulitolewa salama, lakini pamoja nao iliondoka sehemu ya ubongo iliyo chini na katikati ya paji la uso. Alipopona, vipimo vyote vya akili vilimpa alama za juu. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima, na aliweza kueleza kwa ufasaha lipi ni jema na lipi ni baya. Hata hivyo maisha yake yaliporomoka: alipoteza kazi, biashara aliyoingia ilifilisika, ndoa ikavunjika, akaoa tena na ndoa hiyo nayo haikudumu. Kuchagua mkahawa wa kula chakula cha jioni kulimchukua saa nyingi, kwa kuwa alichambua mpangilio wa viti, orodha ya vyakula na hali ya kila mahali, akaendesha gari kwenda kuangalia palipo na wateja wengi, na bado asijue aende wapi. Ripoti ya Paul Eslinger na Damasio kuhusu EVR, iliyochapishwa mwaka 1985, iliwaonyesha wataalamu jambo ambalo vipimo vya kawaida havikuweza kulinasa, kwamba mtu anaweza kubaki na akili yake yote na bado asiweze kuyaendesha maisha yake.

Kisa cha EVR kilifufua kile cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli ambaye, tarehe 13 Septemba 1848 huko Cavendish, Vermont, alipigwa na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja kikapenya shavuni na kutokea utosini. Mwaka 1994 Hanna Damasio na wenzake walilipima fuvu lake, lililohifadhiwa Harvard, na kukadiria kwamba eneo lililoharibika linakaribiana na lile la wagonjwa wa Iowa. Ulinganisho huo ulileta umaarufu mkubwa, ingawa ulibebeshwa uzito kuliko ushahidi uliokuwapo, maana Gage, ambaye vitabu vingi humchora kama mlevi asiye na mwelekeo, aliishi miaka kadhaa nchini Chile akiendesha magari ya farasi ya abiria, kazi inayohitaji nidhamu na hesabu.

Maelezo aliyoyatoa Damasio, ambayo wasomaji wa kawaida waliyapata katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu kosa la mwanafalsafa Descartes, huitwa nadharia ya alama za mwili. Kwa mujibu wake, mtu anapokutana na jambo linalofanana na lile lililowahi kumuumiza au kumfaidi, mwili huirudia kidogo hali ya siku ile, moyo ukabadili mapigo na viganja vikatoa jasho jembamba, na badiliko hilo hulipa kila chaguo uzito wake kabla hoja hazijapangwa. Ushahidi wa awali ulipatikana kwa kupima upitishaji wa umeme katika ngozi, ambao huongezeka jasho linapotoka hata kama ni dogo mno kuonekana. Wagonjwa wenye jeraha kama la EVR walishtuka kama watu wengine waliposikia mlio mkubwa, lakini walipoonyeshwa picha za maafa ngozi yao haikubadilika, ijapokuwa waliweza kueleza kwamba picha hizo zilikuwa za kutisha.

Ili kuupima uamuzi wenyewe, Antoine Bechara, mtafiti kijana aliyejiunga na maabara hiyo, alitunga mchezo uliochapishwa mwaka 1994. Mchezaji hupewa mkopo wa dola 2,000 za bandia na mafungu manne ya karata, A, B, C na D, achague karata mojamoja bila kuambiwa mchezo utakwisha lini, ingawa kwa kweli hukoma baada ya karata 100. Kila karata ya A na B hulipa dola 100, na ya C na D hulipa dola 50. Lakini faini zilizofichwa ndani ya mafungu ya kwanza hufikia dola 1,250 kwa kila karata kumi, ilhali katika mafungu mengine hufikia 250 tu, hivyo anayekimbilia malipo manono huishia kwenye deni. Watu wazima wa afya huanza kwa kuonjaonja mafungu yote, kisha huhamia taratibu kwenye C na D. Wagonjwa wa Iowa waliendelea kurudi kwenye A na B. Jaribio la mwaka 1997 lilieleza kwamba viganja vya watu wazima wa afya vilianza kutoa jasho kabla hawajagusa mafungu mabaya, wakati wenyewe hawajaweza kusema chochote kuhusu mchezo, yaani machale yaliwacheza mapema. Na kati ya wagonjwa 6, watatu walifikia hatua ya kueleza waziwazi mafungu yapi ni mabaya, kisha wakaendelea kuyachagua.

Kuhusu kujifunza, maabara hiyo ilitoa mwaka 1995 jaribio lililo safi zaidi kuliko lile la karata, ingawa halikupata umaarufu wake. Washiriki walionyeshwa rangi mbalimbali, na rangi moja ikafuatiwa na honi kali ya meli. Mgonjwa aliyeharibikiwa amigdala, viini viwili vidogo vilivyo ndani ya pande za ubongo, aliweza kutaja rangi iliyofuatiwa na honi, lakini ngozi yake haikuitikia rangi hiyo ilipotokea tena. Aliyeharibikiwa hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu za matukio, ngozi yake iliitikia ilhali hakukumbuka ni rangi gani. Kwa hiyo mwili na kumbukumbu ya maneno vilionekana kujifunza kwa njia mbili tofauti.

Nadharia ya alama za mwili haikupita bila kupingwa. Mwaka 2004 Tiago Maia na James McClelland waliwauliza wachezaji maswali ya kina zaidi wakabaini kwamba wengi hufahamu mafungu mazuri mapema kuliko ilivyodhaniwa, jambo lililodhoofisha dai kwamba mwili hutangulia ufahamu. Mwaka uliofuata Lesley Fellows na Martha Farah waliupanga mchezo upya ili hasara zijitokeze tangu karata za mwanzo, na wagonjwa wakacheza sawa na watu wengine, hali iliyoonyesha kwamba tatizo lao huenda ni kushindwa kuacha mazoea ya mwanzo yanapogeuka kuwa hasara. Njia nyingine kabisa ilikuwa imefunguliwa mwaka 1997 na Wolfram Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walioonyesha kwamba seli za dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, hubadili kasi yake kulingana na tofauti kati ya zawadi iliyotarajiwa na ile iliyopatikana. Na ni hesabu hiyo, kuliko alama za mwili, ambayo wachunguzi wengi wa uamuzi waliitumia baadaye.

Damasio aliondoka Iowa mwaka 2005 kwenda Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, alikoandika zaidi kuhusu fahamu na utamaduni. Mchezo wa karata uliingia katika vipimo vya hospitali, hasa kwa watumiaji wa dawa za kulevya, wengi wao wakikimbilia A na B kama wagonjwa wa awali. Rejista ya mwaka 1982 ilibaki Iowa City chini ya Daniel Tranel, na maabara za nje ziliendelea kuomba wagonjwa wake ili kupima nadharia mpya, zikiwemo zile zinazopinga ya Damasio.